Chango Kitupu

Ramani ya kwanza niliichora Cluj, ghorofa ya sita,
dirisha limefungwa, kahawa imepoa:
jengo la kioo, refu, jembamba,
kichwani limebandikwa lango la bonde la Iza
kama mtu aliyevaa kofia ya babu yake
kwenda kuomba kazi benki.

Kamati ikapiga makofi.
Toader Hotea, seremala, hakupiga.
Alikuwa anahesabu misumari kwenye mchoro wangu.
"Elfu nne," akasema. "Kanisa letu lina miaka mia tatu
na halijaonja hata mmoja."

Nikahamia kwake, theluji ikiwa magotini.
Nikajifunza kwamba msonobari hukatwa mwezi ukififia,
kwamba ubao wa kuezekea haupigwi msumeno,
hupasuliwa ukifuata nyuzi zake mwenyewe,
maana msumeno huua mishipa
na maji hupenya palipouawa.
Kwamba kamba ichongwayo kwenye nguzo za lango
haina mwanzo, na fundi akiishika
hasemi na mtu mpaka mkono ujue njia.
(Nilijaribu. Kamba yangu ilifanana na nyoka aliyemeza chura.)

Wasemao nyumba njema si mlango
hawajafika huku.
Huku lango husimama kwanza, nyumba hufuata pesa zikipatikana.
Nimeona lango la mwaloni lenye majua mawili
na jina la mwenyewe kwa herufi za kiganja kizima,
na nyuma yake kuku watatu na shimo la msingi.

Basi nikafuta kioo. Nikalishusha paa
mpaka mtu mrefu akawa hana budi kuinama.
Kisha nikachukua daftari, mlango kwa mlango,
nikiomba mchango.

Nilipewa susu ya mtoto. Kitana cha kuchania sufu,
meno kumi na moja. Sufuria nyekundu,
ile inayotundikwa juu ya mti uani
binti wa nyumba akifikia kuolewa;
imetoboka, na binti yuko Torino,
ameolewa, ameachika, ameolewa.

Palaguta Borca alininyima koti.
Koti la sufu nyeupe, manyoya marefu:
ukilivaa huonekani mtu,
unaonekana mlima unaokohoa.
"Nikikupa wewe, mimi nivae nini? Kioo?"
Nikamweleza habari za nondo, za unyevu, za vizazi vijavyo.
"Vizazi vijavyo," akasema,
"viko Madrid. Hunipigia simu Jumapili."

Na mimi nilikuwa nimekwisha kukigongea ukutani,
nambari mia mbili na kumi na mbili, kibao kimechapishwa.
Nilikwenda kuomba mchango,
nikarudi na chango.

Usiku ule sikulala.
Asubuhi nikaondoa kabati mbele yake,
na palipokuwa na kaunta ya tiketi nikachora jiko,
jiko la udongo lenye benchi ya kuegemeza mgongo.
Watu wa zimamoto waliandika barua tatu.
Tukapatana: moto Jumapili tu,
na mtu akae nao.

Sasa wageni husimama mbele ya ukuta, husoma:
*Koti. Sufu ya kondoo. Mwenyewe analo.*
Wengine hukasirika; wamelipa.

Jumapili, baada ya ibada, kizingiti kinapigwa miguu miwili.
Analivua. Analitundika.
Chumba kizima kinanuka moshi, kondoo, kitunguu saumu.
Anaketi kwenye benchi, simu pajani,
na wageni wananong'ona, hawajui watazame lipi,
koti au bibi anayepiga kelele kwa Kihispania kibovu
akiuliza kama mtoto amekula.

Saa kumi analichukua, anakwenda zake.
Chango hubaki na maji ya theluji,
tone moja, mbili, sakafuni.

Mlinzi ana kitambaa.
Nimemwambia asipanguse.